Tezi ikitolewa, kibofu bado kina kazi

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu tezi dume inayokua na kubana njia ya mkojo ilikuwa nzuri hadi ilipofika kwenye upasuaji. Hapo mwandishi akasema njia ya mkojo ikishafunguliwa, mgonjwa amepona. Sentensi hiyo imeniletea maneno kijiweni. Mimi nilishafanyiwa upasuaji huo na bado usiku naamka kwenda haja ndogo. Wazee wenzangu tunaokunywa nao kahawa hapa Nyakato wananiuliza, "Mwalimu, si walishakuzibua?" Mmoja ameshahukumu kwamba daktari alilipua kazi. Mwingine ana mganga wake Sengerema, tena anasisitiza nauli ni yake.

Nimefundisha baiolojia sekondari hadi kustaafu, basi nijibu kama nilivyozoea. Kibofu si bomba la maji, kwamba ukitoa takataka yanatiririka kama zamani. Kibofu ni msuli, na msuli ukisukuma miaka mingi dhidi ya kizuizi hujijenga upya. Seli zake hunenepa. Katikati yake huongezeka kolajeni, ile protini ngumu ya makovu, na ukuta unakakamaa.

Watafiti waliobana njia ya mkojo ya panya na sungura waliona kibofu kikiongezeka uzito ndani ya wiki chache tu. Waliona pia protini za ndani zikibadilika. Mayosini, protini inayofanya msuli ujikaze, ambayo wanafunzi wangu waliichora hadi wakaichukia, ina aina zaidi ya moja kwenye kibofu: ipo inayofanya msuli ujikaze upesi na ipo ya mwendo wa pole. Kwa sungura waliobanwa, ya upesi ilipungua, ya pole ikashika nafasi. Kwa panya iliongezeka protini inayokuza neva, yaani mishipa ya fahamu, na neva za kibofu zikanenepa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za kibofu kudai choo kabla hakijajaa. Kizuizi kilipoondolewa, uzito ulishuka na mengi yakaanza kurudi, ila si yote. Kolajeni hasa ni kaidi. Na kilichobanwa muda mrefu hurudi kwa shida zaidi.

Kwa hiyo huko kuamka kwangu usiku hakumtii mtu hatiani. Daktari alitoa kizuizi, msuli hakuushika.

Msidhani haya ni ya wazee peke yao. Sisi wa kanda ya ziwa tuna kichocho. Kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa, kinachosumbua zaidi ni cha tumbo, lakini ukienda bara, mbali na ziwa, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, kipo cha mkojo. Mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuacha kovu, hata njia inayoleta mkojo kutoka kwenye figo huweza kuziba. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, lakini kovu la zamani halifuti. Kijana anayekojoa damu akaambiwa na wenzake kwamba ndiyo kukua, apelekwe kupima mkojo wiki hiyohiyo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena, waelezeni wasomaji kwamba mkojo unaokatikakatika, au unaotoka kwa kujikamua, ni sababu tosha ya kwenda hospitali kabla haujagoma kabisa na mtu akawekewa mpira wa kutolea mkojo usiku wa manane. Waelezeni pia kwamba baada ya upasuaji inafaa kuuliza kipimo cha ultrasaundi cha mkojo unaobaki kibofuni ukishamaliza kukojoa. Hakiumi. Kinaonyesha kama kibofu kinamaliza mkojo wake, na zipo dawa za kutuliza kibofu kinachodai ovyo, ambazo daktari hawezi kuziandika vizuri bila kujua kiasi hicho.

Makala hiyo ikitoka nitanunua nakala mbili. Moja ni ya kijiweni.

Mwalimu Mstaafu,
Nyakato, Mwanza