Mbwa mwenye uvimbe apimwe kwanza, majani baadaye

Ndugu Mhariri,

Akionekana mbwa mwenye uvimbe sehemu za siri unaodondosha damu, ushauri wa mtaani ni ule ule: chemsha mwarobaini, saga kitunguu saumu, paka utomvu wa mnyaa. Sisi tunaotibu wanyama tunaumia, kwa sababu wengi wa mbwa hao wana ugonjwa unaopona.

Wataalamu huuita TVT, saratani ya zinaa ya mbwa. Hauletwi na kirusi wala bakteria. Seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, kunusana au kulambana. Ndiyo maana wengine huota uvimbe puani, wakaanza kupiga chafya na kutokwa damu tundu moja. Kwa jike, mwenye mbwa hudhani yuko kwenye joto. Lakini damu ya joto hukoma baada ya wiki mbili tatu, ya uvimbe haikomi, na ukifunua uke utaona nyama nyekundu yenye vifundo kama koliflawa, inayovuja damu ikiguswa kidogo tu.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Uvimbe hufutwa usaha, slaidi safi ya kioo hukandamizwa juu yake, huachwa ikauke, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Seli za TVT ni za mviringo na zina vitundu vyeupe ndani. Mwenye hadubini na rangi humaliza siku hiyo hiyo.

Tiba yake ni vinkristini, sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.025 kwa kila kilo ya mbwa, bila kuzidi miligramu 1. Mbwa wa kilo 16 hupata miligramu 0.4. Zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 hupona.

Na wapenzi wa mitishamba walijue hili: vinkristini imetoka kwenye mmea. Ni lile ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, ambalo wauza miche huliita vinka, asili yake Madagaska, na limejaa mbele ya nyumba zetu. Wanasayansi wa Kanada walianza kulichunguza kwa kuwa Jamaika majani yake yalinywewa kama dawa ya kisukari. Wakagundua kwamba linashusha seli nyeupe za damu, ndipo likafikiriwa kwa saratani. Vinkristini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Kwa hiyo hatudharau majani. Ila gramu moja ya dawa hiyo hutoka kwenye mamia ya kilo za majani makavu, na jani lina makumi ya kemikali nyingine ambazo kiasi chake hakuna anayekijua akiwa na sufuria mkononi. Anayemnywesha mbwa chai ya vinka anampa sumu isiyopimwa, ya kumtapisha na kumdhuru neva, na uvimbe unabaki pale pale.

Hata sindano ina masharti. Ikivuja nje ya mshipa, nyama huoza, hivyo kanula, yaani kijirija cha mshipani, iwekwe safi na ijaribiwe kwanza kwa maji ya dripu. Damu ipimwe kabla ya kila dozi. Seli nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa kila mikrolita, dozi huahirishwa siku kadhaa. Jike mwenye mimba hachomwi. Mkojo na kinyesi cha siku tatu baada ya sindano vishikwe kwa glavu, na watoto wakae mbali.

Sasa hayo ya jikoni. Kitunguu, kiwe maji au saumu, kibichi au kilichopikwa, huvunja seli nyekundu za mbwa. Cha maji kikizidi nusu asilimia ya uzito wake kwa mlo mmoja, yaani gramu 50 kwa mbwa wa kilo 10, tayari ni hatari, na saumu ni kali zaidi. Madhara huchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, na mbwa mwenye uvimbe alikuwa anapoteza damu tangu mwanzo. Utomvu wa mnyaa huunguza ngozi. Mbwa huulamba ukamtoa malengelenge mdomoni, na ukiingia jichoni unaweza kumpofusha. Shubiri humharisha. Manjano kidogo kwenye chakula hayana neno, lakini mwili hufyonza kidogo sana, ndiyo maana watu huongeza pilipili manga. Pilipili hiyo hupunguza kasi ya ini kuondoa dawa, kwa hiyo wiki za sindano iachwe kabisa.

Linalosaidia nyumbani ni kuosha kidonda kwa maji ya chumvi, kijiko cha chai kisichojaa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na kumlisha yai la kuchemsha au nyama isiyo na kitunguu. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu zisiguswe.

Saratani ya matiti ni habari nyingine. Hiyo hukatwa, na kinga yake ni kumfunga jike kizazi, yaani kumtoa ovari, mapema. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba hatari hubaki nusu asilimia tu ya ile ya jike asiyefungwa, akifungwa kabla ya joto la kwanza, asilimia 8 baada ya la kwanza, na 26 baada ya la pili.

Tunaziomba halmashauri zihakikishe vinkristini inapatikana kwenye kliniki zao za mifugo. Na mbwa wakikusanywa kwa chanjo ya kichaa, kama inavyofanyika Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mchanjaji amnyanyue kila mbwa mkia na kumtazama puani kabla hajamwachia. Ni dakika moja.

Daktari wa mifugo,
Tanga