Namba kubwa kwenye boksi la darubini inapotosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wanaojiandaa kununua darubini yao ya kwanza ya kutazamia nyota kuhusu namba inayoandikwa kwa wino mnene juu ya boksi: eti chombo hiki kinakuza mara 525. Namba hiyo ndiyo iliyonishawishi mimi, na ndiyo iliyonifanya usiku wa kwanza nikodolee doa la kijivu linalotetemeka, nikidhani macho yangu yana hitilafu.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi hadi mahali inapoukutanisha mwanga) kwa ule wa lenzi ya jichoni, nayo lenzi hiyo hubadilishwa upendavyo. Darubini yangu ina fokasi ya milimita 700: nikiweka lenzi ya milimita 20 napata mara 35, nikiweka ya milimita 4 napata mara 175, na nikichomeka kati yake lenzi ya Barlow izidishayo mara 3, ndiyo hiyo 525. Hesabu ni sahihi. Kilichoandikwa kwa herufi za kutafuta ni kwamba lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60 tu, ilhali watazamaji wazoefu hawavuki mara mbili ya kipenyo hicho, yaani mara 120. Zaidi ya hapo mwanga ule ule mchache hutandazwa kwenye picha kubwa, ikafifia bila kuonyesha jambo jipya. Kipenyo ndicho cha kuuliza dukani, kwa kuwa lenzi au kioo cha milimita 120 hukusanya mwanga mara 4 ya kile cha milimita 60.

Mwanaanga Galileo aliigundua miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii mnamo Januari 1610 kwa ukuzaji wa takriban mara 20. Mimi nami, nilipoachana na tamaa ya 525 na kurudi kwenye lenzi ya milimita 20, niliuelekea Mwezi ukiwa nusu. Kwenye mpaka wa mwanga na giza, ambako vivuli ni virefu, kingo za mashimo zilichongoka kama zimekatwa kwa kisu, na ndani ya giza kilele kimoja cha mlima kilikuwa kinang'aa peke yake. (Mwezi mpevu, ambao wengi wetu huuanza nao, hauna vivuli hivyo na huumiza jicho.)

Stendi nayo isidharauliwe, maana ikiyumba hata lenzi bora haifai kitu, na kidarubini cha kulengea, kile kidogo kilichofungwa ubavuni mwa darubini, kirekebishwe mchana kwa kulenga mlingoti wa mbali, mbali na upande wa jua.

Nimeliacha mwisho lililo la hatari. Baadhi ya maboksi huwa na kichujio kidogo cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jichoni. Kitupwe. Hapo ndipo joto lote lililokusanywa hukutana, na kioo hicho kinaweza kupasuka jicho likiwa palepale. Kichujio salama ni kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini. Asiye nacho asiielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja, na kidarubini cha kulengea kifunikwe vilevile.

Msomaji wako,
Mtazamaji anga mwanagenzi