Mama, Tomi afunguliwe: barua kutoka Leipzig

Leipzig, 28 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Baba naye shikamoo, najua atasomewa barua hii barazani, redio yake ikiwa pembeni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ipo, kazi ipo, hayo tuyaache.

Juzi nilipata ujumbe wa mdogo wangu Eli. Anataka hela ya mbuzi wa Mwaka Mpya, anataka na ya bati za jikoni, halafu mwisho akaweka maneno ambayo sikuyategemea: eti ukoo mzima unashangaa dada mkubwa anakula sikukuu na mbwa wa Wazungu, wakati wote wamepanda mlimani kuja nyumbani, hata ndugu wale wa Mwanza. Hayo hakuniandikia mimi peke yangu, Mama. Ameyaweka kwenye kundi la ukoo. Shangazi akacheka, Baba mdogo akaongeza ya kwake, na hakuna hata mmoja aliyesema neno la kunitetea. Niliumia. Nikasema sitajibu huko kwenye kundi, nitamwandikia mama yangu barua, Ndeshi aisome kwa sauti mbele ya watu wote, na suala la hela lije mwisho.

Kwanza, likizo. Likizo yangu nimeitunza kwa ajili ya ndoa ya Ndeshi mwezi wa saba, na Eli analijua hilo kwa sababu tulipanga naye kwenye simu. Nikija Desemba, Julai siji. Mwaka jana Krismasi yote nilikuwa zamu, nikiwalisha wazee wa watu. Mwaka huu ndio wa kwanza nimepewa sikukuu nzima, kwa sababu sasa mimi si mwanafunzi tena. Miaka mitatu ya mafunzo imekwisha, cheti cha uuguzi ninacho, kimepigwa muhuri, na mtihani wa mdomo niliufanya kwa Kijerumani mbele ya watu wanne waliokunja sura. Baba aliniambia niwe na cheti ambacho hakuna wa kuninyang'anya. Ninacho, Baba.

Pili, hao mbwa. Ni kweli niko nao. Mbwa wawili na paka wawili. Mama mwenye nyumba na mzee wake wamekwenda Hamburg kwa binti yao, wakaniachia nyumba yote ya chini, friji lenye vitu, mti wa Krismasi uliokwisha kupambwa, na wanyama wao wanne. Watu wa huku wanaweza kukupa ufunguo wa gari kabla hawajakupa mbwa wao. Kwenye jengo hili kuna majirani waliozeekea hapa, hawakuachiwa wao. Nimeachiwa mimi, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, na mama wa watu aliniambia akiwa anavaa koti kwamba safari hii anaondoka bila wasiwasi. Hilo mlichekalo mimi naliona heshima.

Mbwa mkubwa ni mweusi ti, anaitwa Balu. Mdogo ni Frieda, wale mbwa wa mgongo mrefu na miguu mifupi, tumbo karibu lifagie sakafu. Paka mmoja ni mzee wa kijivu, Mika, hana haraka na mtu. Wa pili ni Lotte, bado binti, na huyo ndiye mwenye nyumba. Ungewaona, Mama! Balu akitaka mchezo anainamisha kifua mpaka viwiko viguse zulia, matako yamebaki juu, mkia unapiga huku na huku. Hapo anaomba. Lotte akikubali, Balu analala chini kabisa, mbwa mzito vile, anageuka chali ili yule mtoto wa paka aweze kumfikia sikio. Lotte anamng'ata sikio, Balu anafungua mdomo wote na kumzungushia shingoni, lakini meno hayagusi. Nimemtazama kwa karibu, nikasogeza uso wangu pale pale: meno hayagusi kabisa. Kisha Lotte anakimbilia chini ya kochi, anatoa mkono mmoja tu nje, anasubiri mkia wa Frieda upite.

Karatasi za zawadi nimewaachia. Boksi la zawadi yangu (koti la manyoya kwa ndani, mama mwenye nyumba amenipa, zuri sana, nitawatumia picha) limekuwa nyumba ya Mika. Usiku wa tarehe 24 tulikula hivyo, mimi saladi ya viazi na soseji kama wanavyokula watu wa huku usiku ule, wao chakula chao, halafu wote wanne wakalala sebuleni. Frieda alilala juu ya miguu yangu. Nyumba ilikuwa na joto, nje giza tangu saa kumi jioni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetoka ibadani, Thomaskirche, lile kanisa alilofanyia kazi Bach, mtunzi wa muziki, na ndimo lilimo kaburi lake leo. Kwaya yao ya wavulana ipo tangu 1212. Baba alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, najua angelia. Walipofika kwenye wimbo wa mwisho, watu wote wakasimama, mimi niliuimba kwa Kiswahili kwa sauti yangu yote. Bibi aliyekuwa pembeni aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Machame alinishika mkono, akasema babu yake aliwachangia wamisionari. Si mnajua wale waliofika kwetu mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu huu? Nilitoka pale nimenyooka.

Na hapo hapo njiani kurudi nikawakumbuka. Nilijua saa hiyo magari yanamalizia kupanda, watoto wanakimbilia barabarani kila wakisikia honi, Baba mkubwa ameshaonja mbege na kusema ya mwaka jana ilikuwa bora. Nimekosa kisusio, supu yetu ya mbuzi yenye damu. Nimekosa moshi wa jikoni kwako, na yule paka wa marehemu Bibi aliyekuwa analala kwenye majivu ya moto mpaka manyoya yanaungua ncha, hataki kutoka. Bibi alikuwa anamkatia paka nyama kabla ya wajukuu, mnakumbuka? Hakuna aliyemwambia Bibi anakula sikukuu na wanyama.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, Ndeshi usome polepole.

Ndeshi amenitumia picha ya Tomi, mbwa wetu. Amefungwa mnyororo kwenye mparachichi nyuma ya banda la ng'ombe, shingo imetoka manyoya mahali ukanda unapokaa, sufuria ya maji imepinduka. Naambiwa yuko hivyo tangu Oktoba, kwa sababu Baba mdogo amesema anamla kuku wake, na kwamba sikukuu zikiisha atamwekea sumu. Tomi! Mbwa aliyemsindikiza Baba shambani kila siku ile miaka ya mguu wake, aliyebweka usiku ule walipokuja wezi wa kahawa mpaka mkaamka.

Mimi nasema ni kicheche. Kuku wanapotea usiku, wanakutwa wameumwa shingoni na kuachwa. Mbwa mwenye njaa haachi kuku. Na sasa yuko kwenye mnyororo miezi yote hii. Je, kuku wa Baba mdogo wameacha kufa? Ndeshi anasema wiki iliyopita amekufa mwingine. Basi nani kamla? Baba mdogo nampenda na namheshimu, ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege, lakini katika hili hana haki, na namwomba afunge banda lake vizuri kwa chini, aweke mawe pale udongo ulipochimbika.

Huku sheria imekataza kumfuga mbwa kwa kumfunga mnyororo tangu 2023. Tena imeandikwa kwamba mbwa lazima atolewe nje apate mazoezi ya kutosha. Siwaambii haya ili niwaletee Uzungu. Nawaambia kwa sababu nimeyaona kwa macho. Frieda ana makelele, lakini nikimtembeza asubuhi kwenye bustani ya Rosental, pale ukutani mwa bustani ya wanyama ambapo hata usipolipa kiingilio unaweza kuwaona pundamilia wa kwetu, akiwabwekea weee mpaka achoke, akirudi analala hana ugomvi na mtu. Siku mvua ilipotuzuia ndani alitafuna mguu wa kiti. Mbwa anayefungwa mchana kutwa ndiye anayekuwa mkali. Mnamfunga kwa sababu ni mkali, naye anazidi kuwa mkali kwa sababu amefungwa, halafu watoto wa Eli ndio wanaompelekea ugali.

Hilo la watoto ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Eli, hela ya chanjo niliyotuma Septemba iko wapi? Niliituma mapema makusudi, nikakwambia tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na wataalamu wa mifugo wengi hutoa chanjo siku zile, mpeleke Tomi. Ulinijibu "sawa dada". Ndeshi anasema hakuna bwana mifugo aliyekanyaga kihambani, pale shambani kwetu nyumbani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hospitali haina la kufanya, hata hii ya huku niliposomea. Kinachoweza kufanyika ni kabla: mbwa achanjwe na arudiwe kila mwaka, na mtoto akiumwa kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, isingojwe kesho. Ujerumani wamekifuta kwa mbwa na mbweha tangu 2008, kwa chanjo tu, mpaka mbweha wa porini walitupiwa chanjo ndani ya chakula. Sisi mbwa mmoja wa nyumbani anatushinda?

Na msidhani wanyama wa huku hawana taabu zao, kila nyumba ina hatari yake. Tarehe 25 Balu alishafika kwenye keki yao ya Krismasi mezani, ile yenye zabibu kavu nyingi na sukari ya unga juu, mdomo ukiwa wazi. Nilivuka sebule sijui vipi nikaivuta sahani. Zabibu kavu zinaua figo za mbwa, na chokoleti nayo ni sumu kwake, mwambieni na mama Ruti anayewapa watoto wake wa mbwa mabaki ya keki. Mti nao nimeufunga kamba kwenye dirisha kwa sababu ya Lotte, na nyuzi zote zinazong'aa nimezitoa, paka akimeza uzi unamkata utumbo. Nimebakiza nyota za majani makavu. Zinatosha, unapendeza.

Kesho maduka yanaanza kuuza fataki, na usiku wa tarehe 31 mji mzima utalia. Mama mwenye nyumba ameniandikia kila kitu: niwatoe mbwa mchana mapema wakiwa kwenye kamba, paka wasitoke kabisa, mapazia yafungwe, redio iwashwe, na mimi nikae nao. Balu mkubwa vile ndiye mwoga zaidi. Marafiki zangu wa Kitanzania waliniita Berlin tukaufungue mwaka kwa pilau na muziki. Nimewaambia hapana. Nimeahidi, nitakaa sakafuni na Balu mpaka fataki ziishe.

Kuhusu hela. Nimeituma leo, lakini sijamtumia Eli, nimemtumia Ndeshi. Mama, usikasirike, na usiniambie Eli ndiye wa mwisho kuzaliwa na kihamba ni chake. Najua ni chake. Ndeshi atatoa kwanza ya bwana mifugo, aje nyumbani Jumatatu ya kwanza ya mwaka, Tomi achanjwe, na wale paka wawili wa jikoni nao wachanjwe. Atatoa ya dawa ya kile kidonda cha shingo. Atatoa ya wavu wa kuku, mita za kutosha banda la Baba mdogo, hiyo ni zawadi yangu kwake na asikatae. Inayobaki inunue mbuzi, na nina hakika inatosha mbuzi mzuri, siyo yule wa mwaka jana. Bati zitasubiri mwezi wa pili nikishapokea mshahara mpya, ambao sasa ni wa muuguzi kamili.

Baba, nakuomba wewe uzungumze na Baba mdogo. Kama itabidi sale, lile jani letu la kuombea msamaha, lipelekwe, lipelekwe kwa jina langu, kwamba mtoto wa kaka yake anamwombea mbwa. Najua hatalikataa.

Salamu kwa Baba mkubwa, kwa mama Ruti, kwa wa Mwanza wote kabla hawajashuka, na kwa Shangazi pia. Ndeshi, nitumie picha ya kadi ya chanjo ikiwa na tarehe na muhuri, na ya Tomi akiwa hana mnyororo. Na Eli anijibu mwenyewe kuhusu ile hela ya Septemba, aandike pale pale kwenye kundi alipoandika yale mengine.

Mwanao akupendaye,
Aikande