Jingu usibomolewe, ukarabatiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Uwanja wa besiboli wa Meiji Jingu wa Tokyo, Japani. Serikali ya jiji iliidhinisha mwaka 2023 mpango wa kuubomoa na kujenga mwingine, na Oktoba 2024 miti ya eneo lile ikaanza kukatwa. Uwanja wenyewe bado umesimama, ndiyo maana naandika.

Jingu ulifunguliwa 1926. Babe Ruth, gwiji wa besiboli, alicheza pale 1934, alipofika na nyota wenzake wa Marekani. Vyuo vikuu sita vya Tokyo vinachezea ligi yao hapo hadi leo. Ndipo nyumbani kwa timu ya kulipwa ya Yakult Swallows pia, na timu ikipata pointi mashabiki wao hufungua miavuli midogo wakaichezesha juu, jukwaa zima.

Wanaotaka ubomolewe wana hoja za kweli. Japani ni nchi ya matetemeko ya ardhi. Njia za ndani za Jingu ni finyu, na mtu wa kiti cha magurudumu hupata taabu. Haya lazima yarekebishwe. Lakini wanasema pia kwamba ukarabati utasimamisha mechi, hivyo bora besiboli na raga, yenye uwanja wake jirani, wabadilishane viwanja. Hilo silikubali hata kidogo, maana jibu lake liko Japani kwenyewe.

Uwanja wa besiboli wa Koshien, jirani na Osaka, ni wa 1924, kaka yake Jingu kwa miaka miwili. Ulikarabatiwa kwa awamu kati ya 2007 na 2010: msimu ukiisha mafundi wanaingia, msimu ukikaribia wanatoka. Mashindano ya shule za sekondari, ya Machi na ya Agosti, yaliendelea palepale. Mimea iliyotambaa ukutani ilipoondolewa, miche yake ilikuwa tayari inalelewa na shule kote nchini, ikarudi kupandwa upya. Sisi wa Dar es Salaam jina la Koshien tunalijua vizuri. Vijana wetu wa besiboli hucheza mashindano yaitwayo Tanzania Koshien. Nimewasimulia habari ya miche ile, wakanyamaza kimya wakisikiliza.

Tazama na Marekani. Fenway Park wa Boston na uwanja wa timu ya Tigers wa Detroit vilifunguliwa siku moja, 20 Aprili 1912. Fenway nao ulipangiwa kuachwa 1999, wamiliki wapya wa 2002 wakaamua kuukarabati, na hadi leo unachezewa. Ule wa Detroit ulifungwa 1999, na kufikia 2009 ulikuwa umebomolewa wote.

Wenye Jingu wawaite wahandisi wa Koshien, waupime uwanja ukuta kwa ukuta, na hesabu ya ukarabati iwekwe hadharani kabla tingatinga halijaingia. Muda upo, kwani kwa mpango wao wenyewe uwanja mpya wa raga ndio unaotangulia kujengwa.

Mpenzi wa besiboli,
Upanga, Dar es Salaam