Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: joto la maji yetu lipimwe bila kukatizwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani. Mama zetu walipanda kotoni, mwani mnene wenye bei nzuri. Siku hizi kotoni haishiki kwenye maji ya kina kifupi. Kaskazi ikielekea kwisha, maji yakitoka mchana wa bamvua, yanayobaki shambani yanaunguza. Mwani unapauka, unakatika kambani. Tumebaki na spinosi, mwani mwembamba wa bei ndogo.

Joto hilo tunalijua kwa miguu yetu. Tunachokosa ni namba.

Setilaiti zinapima joto la uso wa bahari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zililiona joto la 1998 lililoua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi. Lakini husoma ngozi ya juu tu ya maji, na eneo zinalolisoma kwa mkupuo aghalabu ni pana kuliko mashamba ya kijiji kizima. Shamba langu hazilioni.

Waliwahi kuja watu wa mradi wakafunga vipimajoto kwenye vigingi vyetu. Tukavilinda. Mradi ukaisha, vikang'olewa, hatukusomewa hata kipimo kimoja. Na hata tungesomewa, miaka miwili ingetufaa nini? Kila mwaka una kusi yake. Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu miaka 30 ndipo wataje wastani. Tungeanza 1989, leo tungekuwa nayo yote.

Naomba kila kijiji cha mwani, Unguja na Pemba, kiwe na kipimajoto mahali palepale, kina kilekile, kwa bajeti ya wizara, si ya mfadhili. Kikichakaa, kipya kikae nacho ubavuni miezi kadhaa kabla cha zamani hakijaondolewa, tusije tukadhani bahari imebadilika kumbe ni chombo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa hapa Unguja. Kusoma tufundisheni sisi, maana kila bamvua tumo majini.

Vipimo vibandikwe kwa sheha. Kuhamishia kamba kina kirefu, kulikimbia joto, kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu hatuna hivyo viwili. Tukiona namba, tutajua ni kijiji gani kianze kusaidiwa kabla ya Machi nyingine.

Wako,
Mkulima wa mwani, Kusini Unguja