Mwajiriwa mwenye biashara ndogo aweke daftari

Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie waajiriwa wenzangu ambao, kwa kuwa mshahara mmoja haukutani na mwingine, wameanzisha biashara ndogo. Mimi ni karani jijini, na kila Jumamosi alfajiri huwa katika soko la Gikomba nikichagua mashati ya mitumba marobota yanapofunguliwa, kisha jioni huyapiga pasi na kuwauzia majirani.

Kilichokaribia kunivunja moyo si uchovu, bali kutojua kama napata au napoteza, maana fedha za mashati zilichanganyika na za nauli na unga katika simu moja. Nilipotenga laini ya pili kwa mauzo pekee na kuandika kila shilingi daftarini, niligundua kwamba mashati ya watoto ndiyo yaliyokuwa yakila mtaji. Nikayaacha, na hamu ikarudi. Daftari hilo pia litanitahadharisha mauzo yakikaribia shilingi 1,000,000 kwa mwaka, kiwango ambacho kikipitwa kodi ya asilimia 3 hutozwa juu ya mauzo yenyewe, iwe kuna faida au hakuna.

Jumapili siuzi chochote, ingawa wateja hunung'unika. Wanaojitapa mitandaoni kwamba hawalali wasituhadae, kwani mwajiri naye anastahili karani aliye macho.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi