Kabla hamjafika Sodoma

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Agnes,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Wete. Umeniuliza mafungu ya Biblia yanayobishaniwa kuhusu watu wa jinsia moja wanaopendana uyapangeje kwa kikundi chenu. Anza na maneno yenyewe, maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotutega.

Fungua Biblia ya Union, 1 Wakorintho 6:9. Utakuta "wafiraji" kisha "walawiti". Kwa Kigiriki ni malakoi na arsenokoitai. Sasa nenda 1 Timotheo 1:10. Arsenokoitai ile ile safari hii imekuwa "wafiraji". Tena "mlawiti" tumelipata kwa Waarabu, limetoka kwenye jina la Lutu aliyekaa Sodoma, kwa hiyo sisi tunaisikia Sodoma pahala ambapo Paulo hakuitaja. Malakoi ni laini tu, ndiyo "mavazi mororo" ya Mathayo 11:8, na wataalamu hawajakubaliana kama hapa ni mwanamume anayeingiliwa au mtu wa anasa. Arsenokoitai imeungwa kwa mwanamume na kitanda, na maneno hayo mawili yamo pamoja katika Walawi 20:13 ya Kigiriki. Mimi hoja hiyo naiona nzito: Paulo alikuwa na Torati kichwani.

Sodoma isiwachukue hata robo saa. Mwanzo 19 ni kundi linalotaka kuwanajisi wageni kwa nguvu, na Ezekieli 16:49 anataja kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Atakayeleta Yuda 7, inayoitaja Sodoma kwa uasherati, msomeeni, mwendelee.

Muda wenu uwekeni kwenye Warumi 1:26-27. Mle wametajwa wanawake pia, ndiyo maana anayesema Paulo alikemea wanaume wanaotumia wavulana tu, hoja yake inachechemea. Upande wa pili, wanaotetea mahusiano hayo, watakupeleka Warumi 11:24, ambako Mungu mwenyewe anapandikiza mzeituni mwitu "kinyume cha asili", na Kigiriki chake ni kile kile cha "yasiyo ya asili" katika 1:26. Wana haki: maneno hayo peke yao hayathibitishi dhambi. Lakini sura ya 1 inazungumzia uumbaji, hivyo mzeituni hauwamalizii kazi. Mambo huharibika watu wanapofunga kitabu kwenye 1:32. Paulo hakuandika sura wala aya. Sentensi inayofuata ni 2:1, anayehukumu "huna udhuru".

Utumwa nao utaletwa, usiukwepe. Watasema Waefeso 6:5 iliwaamuru watumwa wawatii mabwana, na leo kanisa limeiacha tafsiri hiyo, basi na hii iachwe. Ni hoja ya kweli, khasa kwetu ambao kanisa kuu limesimama palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873. Jibu lake limo katika 1 Timotheo 1:10 hiyo hiyo: baada tu ya "wafiraji" wapo "waibao watu". Biblia ina aya za kuupinga utumwa. Kwa ndoa za jinsia moja, wanaotaka kuzihalalisha wanajenga juu ya upendo na agano, kwa kuwa aya ya moja kwa moja hawana. Waulizeni kama msingi huo unatosha, na muwape nafasi wajibu.

Na ukiongoza sema "watu wa jinsia moja". Neno nililofungulia barua hii kwetu wanawake wa huku ni rafiki, lakini kikundini kuna atakayelisikia vyengine.

Wako,
Rehema